Sista Violet na Kosa Alilokataa Kulificha

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Sista Violet Nnko anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Mimi ni mhudumu wa usafi wodi ya wazazi. Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu wanangu wote wawili amewapokea yeye.

Alianzia hospitali kubwa mjini Arusha: wagonjwa sitini, manesi wawili. Huko, anasema, mgonjwa anaweza kufa kwa sababu hakuna anayemjua, ni namba ya kitanda tu. Akaomba uhamisho kuja kituo chetu kidogo huku Meru, akiamini ni salama zaidi, maana tunajuana wote.

Kujuana huko ndiko kulikotuumiza. Haya kaniambia mwenyewe, na ameruhusu niyaandike. Mwaka 2014 walilazwa wanawake wawili, wote wakiitwa Mama Hope. Nani angewauliza jina la kwenye faili? Sista alikuwa peke yake na mzazi mwingine anamwita. Akamchoma mmoja wao, mke wa jirani yetu Aminieli, sindano ya penisilini ya mwenzake. Faili lilisema dawa hiyo inamdhuru. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Wenzake walimwambia, "Dada Violet, nyamaza. Ni majirani hawa, watasema Mungu kamchukua." Yeye akaandika kosa lake kwenye ripoti, kisha akapanda hadi kwa Aminieli na kulisema mbele ya ukoo. Alipewa onyo, akavuliwa uongozi wa wodi.

Tangu hapo hakuna dawa kabla ya majina matatu na faili. Hata mama mkwe wake aliulizwa. Bibi akawaka, "Umekula ndizi zangu miaka ishirini, leo hunijui?"

"Nakujua, mama. Yataje tu."

Wodi nzima ilicheka, bibi akayataja.

Miaka kumi na moja sasa hakuna aliyepewa dawa ya mwenzake. Na makosa tunayaandika, hata mimi niliandika langu, siku niliyoacha sakafu na maji, mjamzito akateleza.

Ila Aminieli hupeleka wagonjwa wa nyumbani kwake mjini, akipita getini kwetu. Kila Jumapili kanisani Sista humsalimia. Yeye hupita kimya.

Asante, Sista wetu. Mungu akupe afya, na wajukuu wa kukuchosha kidogo. Na siku moja, hata kama ni mlangoni mwa kanisa tu, Aminieli akuitikie.