Mwalimu wa Daktari Mpasuaji

“Wallahi, hili ni kweli tupu,” aliapa Mzee Mabruki, seremala wa Tabora, garimoshi likikata pori kuelekea Usinge. Alikumbatia kibuyu cha asali ya kuwapelekea wakwe. “Yule daktari mpasuaji, Mzungu, mimi ndiye niliyemfundisha kuichunguza saratani. Nilimwambia, mwanangu, weka kisu chini, uliza kwanza inaanzia wapi.”

“Kumbe! Tuliambiwa alirudi masomoni Ulaya,” alisema Apolinaria, mkulima aliyeketi mbele yake na bintiye.

“Ulaya walimalizia tu.”

“Basi ahsante sana, baba. Huyu binti yangu alipovimba taya, daktari hakukimbilia kisu. Alikaa jikoni kwangu akauliza habari za maji, mbu, chakula. Ndipo akampa dawa. Leo anatafuna karanga.”

Shukrani zilimlevya Mabruki. “Asiponitambua, asali hii yake.”

“Utamwona sasa hivi. Anakuja stesheni kumpima mtoto.”

Mabruki akajifanya amesinzia. Garimoshi likasimama, daktari akachungulia dirishani, Apolinaria akamwonyesha “mwalimu” wake. “Shikamoo, mzee. Sijui tumewahi kuonana?”

Behewa zima likamgeukia.

“Marahaba,” alijibu Mabruki, akapitisha kibuyu dirishani.

“Na wakwe utawaambia nini, baba?” aliuliza Apolinaria.

“Kweli tupu.”