Mshono Haukuwa Umepinda

Sogeeni, wanangu, mkae pembeni ya kitanda na si mbele yangu, maana aliye mbele yangu ndiye nisiyemwona. Msidhani nawakwepa. Nikikutazama usoni, uso unafutika, linabaki doa la kijivu, nami naambulia masikio na mabega. Wewe mkubwa, masikio yako siku hizi nayajua kuliko mkeo. Usicheke, nisikilize, pumzi yangu leo ni ya kuazima.

Nyumba hii ni yenu watatu, asiuze mtu chumba bila wenzake. Kitanda na vyombo ni vya kitinda mimba, aliyenilisha na kuniosha. Cherehani, mkasi mkubwa na daftari la vipimo ni vya dada yenu wa katikati, na hapo asininung'unikie mtu, kwa sababu nilimdhulumu, na nataka nilitamke kosa hilo mbele yenu nyote.

Mnakumbuka zile sare za shule, mashati ya kitambaa cha drafti? Alikata yeye, akashona yeye, akaniletea akiwa na furaha. Nikainua la kwanza, nikaona miraba yake imepinda kama imelowa maji. Nikamwambia, "Umekata kama mlevi." Akasema, "Mama, pima kwa rula." Mimi, fundi wa miaka thelathini, niambiwe nishike rula na mtoto niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano! Nikayafumua mashati yote mbele ya wateja, nikamwambia asikanyage tena kibandani kwangu. Akaondoka, na kwa miaka saba hakurudi.

Nikaajiri fundi mwingine, naye mistari yake ikapinda. Nikamgombeza mwenye duka la vitambaa. Kisha siku moja nikaona fremu ya mlango huu imepinda, na mlango huu aliusimamisha marehemu baba yenu, mtu asiyegonga msumari bila kupima. Hapo nikajua mshono haukuwa umepinda. Nikajua, na bado nikanyamaza, maana fundi asiyeona nani atampa kitambaa chake? Walioniuliza niliwaambia ni mtoto wa jicho, nangoja akomae nikatolewe. Nikangoja miaka miwili.

Daktari alipotazama akaguna. "Mama, huyu si mtoto wa jicho. Nyuma ya jicho pana sehemu ndogo kama kichwa cha pini, ndiyo inayosoma na kutambua sura. Yako imevujiwa damu, ikaacha kovu. Ungekuja mistari ilipoanza kupinda, tungekuchoma sindano, tukaokoa kitu." Nikamwomba miwani. Akasema miwani haifuti kovu. Akanifundisha kutazama kwa upande, kusogeza taa karibu, kupapasa ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Nimejifunza yote, wanangu, na hayajanisaidia kumwona mtoto wangu aliyerudi baada ya miaka saba.

Mwanangu wa katikati, sauti yako imekuwa nzito. Sijui umenenepa au umekonda, na nitakwenda bila kujua. Lakini jana nilikusikia hapo dirishani ukiuliza, "Nguzo hii ya umeme si itatuangukia?" Mdogo wako akajibu, "Nguzo gani, dada? Iko wima kama askari." Ukamwambia, "Basi wewe ndiye kipofu." Wenzako walicheka. Mimi nilitamani nife palepale.

Daktari alisema huu ugonjwa hupenda kufuata ukoo. Kipimo chake ni hiki: funika jicho moja, utazame mistari ya daftari, kisha ufunike la pili, kwa sababu jicho zima humfichia mwenzake aibu. Ninyi wawili mpime hivyo kila wiki, msiache. Lakini wewe wa katikati huna haja ya kupima, wewe nenda hospitali kesho. Mkubwa, mpeleke. Atakataa, ubishi ameurithi kwangu.

Sema utakwenda, mama yangu. Unisamehe au usinisamehe, lakini nenda.

Nani amesukuma kiti? Nani ametoka? Mkubwa, mfuate... usimvute, mwambie tu nguzo haijainama.

Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali. Mungu awape... awape kuonana, wanangu, sura kwa sura, mpaka mzeeke. Nimechoka. Mkono huu ulionishika... ni wa nani? Amerudi? Semeni, ni yeye?