Ukurasa wa Mtengeneza Tovuti

Nakiri kosa: kwenye basi nilikuwa nasoma kompyuta ya jirani yangu, tena midomo ikinicheza. Jamaa anatengeneza tovuti za watu, hana mwajiri, na kampuni moja ilitaka kuona ukurasa wa kujieleza yeye mwenyewe kabla ya saa sita, imchukue au imwache. Alikuwa ameandika "Mchapakazi, mwaminifu." Basi.

"Hayo hata mwizi anaandika," akasema mama wa upande wa pili, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Nikafurahi kujua siko peke yangu.

"Sasa niandike nini, mama? Nimetengeneza tovuti arobaini!"

"Umewahi kuharibu?"

Jamaa akajikuna kichwa. "Nilifuta orodha ya miadi ya zahanati. Hakuna aliyejua. Nikawapigia simu mwenyewe, nikakesha mpaka nikairudisha yote."

"Wakakufukuza?"

"Wapi! Mwaka wa sita huu, bado wako na mimi."

"Andika hilo."

"Mama, unataka nife njaa? Nani anaajiri mtu anayejitangaza kwa kuharibu?"

"Mimi nikikata kitambaa vibaya, namwambia mteja kabla hajajaribu gauni. Njoo uone foleni mlangoni kwangu."

"Kitambaa si tovuti."

"Kwani mteja si mteja?"

Jamaa akanuna. Halafu akafuta "mchapakazi", akafuta "mwaminifu", vidole vikaanza kukimbia. Nikawahi kuona "Siku niliyofuta miadi ya watu," basi likafunga breki, kituo cha mwisho. Abiria wote wamesimama, yeye bado anaandika.

Nikamwomba mara mbili: "Ndugu yangu, igeuze kidogo huku, sijamaliza kusoma."