Mwano wa Norwei

Mjinga wa basi la Tinde siku ile alikuwa Mabula, na mpaka leo hakatai. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walikuwa wamemwita ajieleze: ng'ombe waliibwa kijiji jirani, mwano, yowe la hatari la kuita watu, ukapigwa, wanaume wote wakatoka ila yeye.

"Wananiita mimi, niliyesoma Norwei!" akamlalamikia mama asiyemjua aliyeketi kando yake. "Kule niliona mbingu inawaka kijani, inacheza kama moto wa nyika. Nikatoka pekupeku kwenye theluji, nikapiga mwano mpaka sauti ikakauka."

"Pole, baba. Walikuja wangapi?"

"Hata mmoja! Wamesimama wananicheka, eti ni mianga tu ya huko kwao, haiunguzi. Wazungu hawana utu, mama. Mwano unalia, mtu anakaa?"

Abiria wakatikisa vichwa kwa heshima, msomi kanena.

Basi liliposimama Tinde, mama akajifunga khanga, akainuka.

"Ng'ombe walioibwa ni wangu, mwanangu. Kwa moto usiounguza ulitoka pekupeku. Kwangu ulikuwa unatafuta viatu gani mpaka kukakucha?"