Fungate Kwenye Boti ya Ugiriki

Kwenye basi la mwendokasi la Mbagala, binti mmoja alikuwa akimwonyesha mama wa kiti cha jirani picha za boti kubwa nyeupe.

"Mchumba wangu Gibson kaniahidi fungate humu, bahari ya Mediterania, huko Ugiriki. Wiki nzima tunaogelea visiwani, jioni nahodha anatupikia samaki."

"Barua ya posa keshaleta?"

"Bado, mama. Anatafuta mshenga."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

Mama akachekea puani. "Nahodha wa Ugiriki kampata, mshenga wa Mbagala kamkosa."

Mie, kiti cha nyuma yao, nikajifanya natazama dirishani.

Basi liliposimama, binti akashuka na simu sikioni. "Gibson, ya boti weka pembeni. Barua inakuja lini?"

Nikamfuata nisikie jibu, lakini miguu yangu haiwezi tena kwenda na umbea wangu.