Enid Haslam, Mtafuta Mitaa ya Picha za Kale (1937–2021)

Marehemu Enid Haslam alizaliwa tarehe 9 Machi 1937 katika nyumba namba 14, Mtaa wa Tenter, hapa Thrushden, Lancashire. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa Bwana Wilfred Kershaw, fundi mitambo wa kiwanda cha pamba, na Bibi Elsie. Wiki mbili kabla ya kututoka alimwita mdogo wake, Maureen, anayesoma wasifu huu, akamwambia, "Msinipake sukari. Nilikuwa na wivu, na kanisa zima linajua. Mkilificha hilo watu watacheka nyuma ya vitabu vya nyimbo." Familia imetii.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hili kuanzia mwaka 1942. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifaulu mtihani wa kwenda sekondari ya wanafunzi bora, lakini baba alisema msichana ataolewa tu, basi hakwenda. Binamu yake Beryl, aliyepata alama chache kuliko zake, akapelekwa. Kwa miaka mitano Enid alivuka barabara kila alipoiona kofia ya kijani ya sare ya Beryl ikija. Yeye alisoma shule ya kawaida, akaiacha mwaka 1952.

Mwaka uliofuata aliajiriwa posta, kwanza kuchambua barua, na kuanzia 1958 kuzipeleka kwa miguu mlango kwa mlango, hadi alipostaafu mwaka 1997. Alijua mlango gani una mbwa, na ngazi zipi huteleza siku ya barafu. Tarehe 11 Juni 1960 alifunga ndoa na Leonard Haslam, dereva wa basi, mtu mpole aliyependa kula pai yake kimya. Mungu aliwajalia Graham na Hilary. Leonard alifariki mwaka 1994.

Mitaa ya zamani ilipobomolewa, watu walianza kumletea Enid picha za kale zisizo na jina la mtaa. Naye alichukua ramani ya serikali ya mwaka 1891 kutoka kabati la Chama cha Historia, ambako alikuwa katibu, karatasi kubwa kama shuka, inayoonyesha hata nguzo za taa na pampu za maji. Alikuwa akilinganisha mlango na nguzo, bomba la moshi na mteremko, kisha anasema, "Hapa." Hakuna aliyembishia.

Mwaka 1998 akahamia hapa Bwana Vernon Catterall, mpima ardhi mstaafu. Kosa lake la kwanza lilikuwa kutoka Yorkshire, jimbo jirani tunaloshindana nalo tangu zamani. La pili, katika mkutano wake wa kwanza wa Chama alitambua picha tatu kabla chai haijapoa. Wanachama wakampigia makofi. Enid naye alipiga, mara mbili, kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Ana bahati tu," alimwambia Maureen njiani.

"Mara tatu, Enid?"

"Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku. Huyu kazidisha moja."

Kijiba cha roho kikamkaa. Alihesabu nani anamsalimia Vernon kwanza. Alijua nani kampelekea keki.

Wakati huo alikuwa na picha moja iliyomshinda miaka miwili. Ilikuwa ya Bibi Agnes Tattersall, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na sita. Ilionyesha mama yake kwenye ngazi za mlango, pembeni yake mwanamume mwenye koti, nguzo ya taa kushoto na pampu kulia. Mama huyo alifariki Agnes akiwa na miaka mitatu, mtoto akalelewa kwingine, na picha nyingine hakuna. Agnes alitaka jambo moja tu: kujua mlango ule ulikuwa wapi. Enid alikuwa amemwahidi.

Vernon aliposikia habari hiyo aliiomba ile ramani. Enid akamjibu, "Imepelekwa kwa fundi, imechanika." Haikuchanika. Ilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda, na ilikaa huko wiki tano. Alikuwa tayari mlango ule usijulikane kamwe, mradi Vernon asiwe wa kuujua.

Mwezi Machi 1999 alikwenda kumwona Agnes, akamkuta ameishika picha karibu na pua.

"Macho yananikimbia, mwanangu," Agnes alisema. "Usiningojeshe hadi niutafute mlango kwa kupapasa."

Enid hakumaliza chai yake. Aliiazima picha, akaenda nyumbani, akavuta ramani, akaifunga kwa kitambaa cha meza na kuibeba kwenye mvua hadi mlangoni kwa Vernon.

"Ilikuwa kwangu," alisema. "Chini ya kitanda."

"Najua," Vernon alijibu. "Nilimuuliza fundi. Ingia, unalowa."

Kumbe alijua na hakumsema popote! Enid alisimulia baadaye kwamba hilo lilimchoma kuliko zile picha tatu, kwani hata kwa wema alikuwa ametanguliwa.

Waliitandaza ramani mezani. Vernon aliitazama picha, mara akacheka. "Bibi Haslam, angalia koti la huyu bwana. Vifungo viko kushoto, kama koti la kike. Mpiga picha aliigeuza wakati wa kuisafisha." Akaipeleka mbele ya kioo cha ukutani. Taa ikahamia kulia, pampu kushoto. Kabla Vernon hajarudi kwenye ramani, Enid alikuwa ameshaweka kidole.

"Mtaa wa Garnet, namba 9. Nimepeleka barua hapo miaka tisa, mpaka walipoubomoa."

Jumamosi walimpeleka Agnes kwa kiti cha magurudumu. Namba 9 sasa ni maegesho ya zahanati. Agnes aliomba kusimama. Wakamshika huku na huku, akakanyaga lami, akasema polepole, "Basi nilikuwa na kwetu." Alifariki mwezi Mei.

Gazeti la mji liliandika kwamba Bwana Catterall amelifumbua fumbo. Enid hakumsemesha hadi Krismasi. Hata hivyo mbele ya Chama alikiri alichofanya na ile ramani, akajiuzulu ukatibu, na Vernon ndiye aliyependekeza arudishwe.

Mwaka 2019 moyo wake ulianza kudhoofika. Kila Alhamisi Vernon alimletea picha isiyojulikana. Enid alikuwa akimtazama kwa ukali: "Umeshaijua. Uso wako wa mtu aliyeshiba." Vernon aliapa kwamba hajui. Tarehe 18 Novemba 2021 Enid alitaja mtaa wa picha ya mwisho ndani ya dakika nne, akamfukuza aende kwao. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 22, saa moja asubuhi, Hilary akiwa amemshika mkono.

Ameacha mdogo wake Maureen, watoto wawili Graham na Hilary, wajukuu watatu, binamu yake Beryl, aliyekuja leo bila kofia, na Bwana Vernon Catterall, ambaye familia ilimuuliza aandikwe vipi hapa, naye akajibu, "Andikeni: wa pili kwa Enid."

Enid, pumzika sasa. Mungu akulaze mahali pa amani.