Malimi Yakobo, Manju Aliyeacha Kuita Majina

Mchungaji, wazee wa boma hili, na ninyi majirani mlioacha mpunga shambani mkaja kutushika mkono: mimi ni Nyamizi, mtoto wa kwanza wa mzee Yakobo, dada wa marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu. Si marefu, maana hakufika miaka arobaini. Lakini yana sehemu ngumu, na sehemu hiyo sitairuka.

Marehemu Malimi Yakobo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986, hapa hapa Usangu, akiwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mzee Yakobo na mama yetu, ambao wote wawili wametangulia. Wazazi wetu walikuwa wametoka Kwimba miaka mitatu kabla, wakifuata majani. Malimi alizaliwa kwenye kibanda kisicho na mlango, kwa sababu baba alikuwa bado anajenga zizi. Kwetu sisi ng'ombe hupata nyumba kwanza, watu baadaye.

Alianza kuchunga ndama akiwa mdogo kuliko fimbo yake. Alimpa kila ndama jina, na jioni hakuwaswaga kama wenzake. Aliwaimbia majina yao mmoja mmoja, nao wakaja. Baba alicheka akasema huyu mtoto hatakuwa mchungaji, atakuwa manju. Baba alisema mengi maishani mwake yasiyotimia, lakini hilo lilitimia.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000. Siku moja mwalimu alichelewa, naye Malimi akachukua daftari la mahudhurio akaita majina yote ya darasa kwa wimbo, wenzake wakiitikia, na mwisho akaongeza la mwalimu mwenyewe na sababu ya kuchelewa kwake. Sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana alichapwa sana. Alifaulu mtihani wa darasa la saba, lakini baba alisema ng'ombe hawachungwi na cheti, na elimu yake ikaishia hapo.

Kwa wageni wetu mliotoka Ilula na Iringa mjini, niwaeleze kazi yake ya kwanza. Sisi Wasukuma tukivuna hucheza ngoma. Vinakutana vikundi viwili, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, kila kimoja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Manju wawili wanaimba kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia kule kunakonoga. Mwenye watu wengi ameshinda. Manju hutaja watu kwa majina, akawasifu au akawasema. Akikusifu, ukoo wako unatembea kifua mbele mwaka mzima. Akikusema, utajificha.

Malimi alikuwa manju wa Wagika tangu mwaka 2005. Manju wa Wagalu alikuwa Makoye Lutonja, na hapa ndipo wazee wengine wameanza kukohoa. Kohoeni. Makoye na Malimi walichunga pamoja utotoni, wakanywa maziwa kwenye kibuyu kimoja. Kwenye uwanja walikuwa wapinzani, nyumbani walikuwa ndugu.

Mwaka 2009 Makoye alikuwa anashinda. Watu walimfuata kila alipokwenda, na Malimi alibaki na wazee na mbwa. Lakini Malimi alijua jambo moja ambalo Makoye alimwambia kwa siri ya rafiki: kwamba ng'ombe wake, aliosema amewapeleka Rukwa kwa shemeji, alikuwa amewauza wote, akaenda kutafuta dhahabu Makongolosi, akarudi mikono mitupu. Mwezi wa saba, mbele ya umati mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona hapa, Malimi aliliimba. Nalisema kwa Kiswahili ili wote tulielewe:

Makoye kaswaga ng'ombe shimoni,
shimoni hakuna majani.
Makoye, piga mluzi,
labda watatoka.

Kisha akapiga mluzi mrefu, ule wa kuita ng'ombe wa jioni. Uwanja mzima ulipiga mluzi naye. Watu walikimbia kutoka upande wa Makoye kama maji yaliyofunguliwa mferejini, na Makoye akabaki na ngoma zake.

Malimi alibebwa mabegani siku hiyo. Lakini wimbo ukishatoka haurudi zizini. Makoye akipita njiani, watoto walipiga mluzi. Mkewe Sarah akienda kisimani, mluzi. Hata mzee aliyekuwa hasikii vizuri alipiga mluzi, kwa kuwa aliona wenzake wanakunja midomo. Malimi aliwakemea watoto, nao wakamcheka, wakadhani naye anatania.

Februari 2010 Makoye alimuaga mkewe, akasema anarudi Makongolosi na hatarudi bila ng'ombe. Mvua ilikuwa kubwa, wenye akili walikuwa wametoka kwenye maduara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Yeye akashuka kwenye duara lililoachwa. Likamfunika. Wenzake walichimba mpaka udongo ukaanza kuwafuata na wao, wakaacha, wakasimika msalaba wa mti juu yake. Hakuletwa nyumbani. Hakuna aliyeosha mwili wake, hakuna aliyesoma maisha yake.

Mwezi uliofuata Malimi aliacha kuimba ngoma. Akapanda basi kwenda Iringa, akapanga chumba Ipogolo, akawa fundi wa kupaka rangi mchana na mwimbaji wa Bongo Fleva kwenye studio ya kijana mmoja, Fred, ambaye leo yuko nasi. Alijiita Limi Boy, jina ambalo mama alikataa kulitamka mpaka anakufa. Alivaa suruali ambazo sitazieleza mbele ya Mchungaji.

Mliyoyasema nayakumbuka. Mlisema mji umemharibu. Mlisema ameuza ngoma ya baba zake kwa sababu ya hela na wasichana. Mlisema beibi, beibi, huo nao ni wimbo? Hata mimi sikuupenda. Nilimfuata Iringa mwaka ule ule nikamkuta anakula mkate mkavu, nikamuuliza: “Wewe umeacha jina lote lile unakuja kulia lia huku kwa ajili ya beibi? Beibi ndiyo nani?”

Alinijibu polepole. “Dada, huo ndio uzuri wake. Beibi siyo mtu. Hana boma, hana baba, hana ng'ombe. Naweza kumwimba mpaka asubuhi na hakuna mtu atakufa.”

Nilimwachia unga niliombebea, nikarudi.

Mwaka 2013 wimbo wake wa kumbembeleza beibi asinune ulipigwa redioni, kwenye bodaboda na kwenye kila kibanda cha kuchaji simu kati ya Mafinga na Mikumi. Pale Ilula alikuwepo binti wa Kihehe, Matilda, aliyekuwa akiuza nyanya kwa wasafiri wa mabasi, na wimbo huo aliujua wote. Siku Malimi aliposhuka kununua nyanya akatambuliwa, Matilda alimuuliza huyo beibi ni nani. Malimi akasema hakuna. Matilda akasema, “Kumbe umeimba uongo mwanzo mwisho! Haya, nyanya chukua, hela lete.” Marehemu alibatizwa mwaka uliofuata, na tarehe 6 Desemba 2014 wakafunga ndoa katika kanisa la Kilutheri Ilula. Mungu aliwajalia watoto wawili. Hakuwahi kumtaja Matilda kwenye wimbo hata mmoja. Matilda alinung'unika sana juu ya hilo, naye akamwambia, “Jina lako nitaliita nyumbani.” Na aliliita. Nilikuwa nikilala kwao naamshwa nalo.

Mwaka 2016 alimpelekea Sarah mtamba mmoja, kuomba radhi. Sarah alisimama mlangoni akamwambia, “Huyo ng'ombe rudi naye. Mimi niletee jina la mume wangu.”

Wakati wa mavuno mwaka huo alirudi uwanjani, baada ya miaka sita. Alikuwa ametunga wimbo mpya, wa kumsifu Makoye. Nilikuwepo. Alianza vizuri, sauti ile ile. Alipolitaja jina tu, vijana wakaanza kucheka, mmoja akapiga mluzi, na mara uwanja wote ukapiga mluzi, ukadai ule wa zamani: “Shimo! Shimo!” Aliendelea kuimba mpaka ubeti wa mwisho, hakuna aliyesikia. Kisha akavua njuga akaziweka chini, akatembea mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ngoma. Nilitamani kuwachapa wote kwa fimbo, na nikiwatazama leo hapa naona baadhi yenu mlikuwepo.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2024. Chakula kilikuwa kinakwama. Januari mwaka huu alipelekwa hospitali Mbeya, wakamkuta na saratani ya umio, tayari imeenea. Hapo tena mkasema: Makoye kamkaba koo. Daktari alituonyesha picha na kutueleza kuwa njia ya chakula ni nyingine na njia ya sauti ni nyingine. Sauti ya Malimi ilikuwa nzima mpaka mwisho. Alikufa kwa kushindwa kula, mtu ambaye sauti yake ilikuwa bado inatosha uwanja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilimuuguza nyumbani kwangu Igurusi, pamoja na Matilda. Mwezi wa tano aliniita.

“Dada, nikifa utasoma wewe?”

“Nyamaza, hufi.”

“Nakufa. Utasoma wewe?”

Nikasema nitasoma.

“Basi umsome na Makoye. Kwenye ngoma watu wanachagua wimbo. Msibani hawachagui, wanasikiliza tu. Hakuna mtu atapiga mluzi mbele ya jeneza.”

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, Matilda akiwa amemshika mkono.

Kikao cha ukoo kilipokaa, baba mdogo Benjamini alisema jina la Makoye lisitajwe, kwamba kila msiba na mwenyewe. Nilimheshimu, nikamjibu kwamba kama ni hivyo watafute msomaji mwingine. Hawakumpata. Nikaenda kwa Sarah. Hakunikaribisha kiti, lakini alinieleza yote nikiwa nimesimama, na haya ndiyo aliyonieleza.

Marehemu Makoye Lutonja alizaliwa mwaka 1985, njiani, wazazi wake wakihama na mifugo. Kwa hiyo hakuwa na kijiji cha kuzaliwa, na alipenda kusema kwao ni barabarani. Alisoma hadi darasa la nne. Alijua kumtibu ndama aliyevimba tumbo kwa kumkanda tu, na majirani walimwamsha kwa kazi hiyo, naye hakununa. Alimwoa Sarah mwaka 2004 akamjengea jiko kabla ya nyumba, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na hakutaka apike akilowa. Walipata watoto wawili. Ukame wa mwaka 2006 uliua ng'ombe wake zaidi ya nusu. Waliobaki walikuwa mifupa na ngozi, akaona afadhali awauze wangali wamesimama, ajaribu dhahabu, anunue wengine wenye afya. Hakuwa mjinga. Alikuwa baba aliyekuwa anajaribu. Hilo Malimi alilijua, na halikuingia kwenye wimbo kwa sababu halichekeshi. Alifariki Makongolosi Februari 2010, akiwa na miaka ishirini na minne au ishirini na mitano. Alikuwa manju mzuri kuliko wote waliowahi kuimba Usangu. Hayo ya mwisho si ya Sarah. Ni ya Malimi, aliniambia niyaweke.

Naomba tunyamaze kidogo.

Asanteni. Hakuna aliyepiga mluzi.

Malimi ameacha mjane, Matilda. Watoto wawili, Goodness na Yakobo. Dada yake, mimi Nyamizi. Na wadogo zangu wengine wawili, ambao ndio waliobeba jeneza mbele. Makoye ameacha mjane, Sarah, na watoto wawili wakubwa sasa, ambao kuanzia leo atakayewapigia mluzi njiani ajue atakutana na mimi.

Sarah aliniambia hatakuja kumlilia Malimi. Alisema atakuja kumsikia Makoye, atakaa karibu na njia, na akishasikia ataondoka. Sarah, nimemaliza. Wapendwa, akiinuka mpisheni, na mtu asimshike mkono.

Malimi, ndugu yangu, jina nimelirudisha. Pumzika kwa amani. Na Makoye, chini ya udongo wa Makongolosi, naye apumzike kwa amani.